Mkaaji na Mwenyeji

Katika kitabu cha Kiingereza tulichokuwa tukisoma darasani, hapa Kanduyi, lilitokea neno moja la kale ambalo halisikiki sana katika mazungumzo ya siku hizi. Neno lenyewe ni denizen. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza maana yake. Mwenzake, aliyekwisha kufungua kamusi, alijibu kuwa maana yake ni mkaaji. Jawabu lilikuwa sahihi, nami nilitaka kuendelea na somo. Lakini kijana wa tatu, ambaye kwa kawaida hasemi mengi, aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Mwalimu, mtu huwa mkaaji wa mahali kwa miaka mingapi kabla hajawa mwenyeji?"

Baadhi ya wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua swali lile lilikotoka. Wiki ile ile, katika ugomvi mdogo wa uwanjani, aliambiwa kwamba yeye ni mgeni tu na kwamba afadhali arudi kwao. Wazazi wake walihamia huku wakikimbia machafuko yaliyoutikisa Mlima Elgon kati ya mwaka 2006 na mwaka 2008. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akajifunza kusoma hapa. Hajui kwao pengine pa kurudi. Nilimwahidi jibu, na insha hii ndiyo jitihada yangu ya kutimiza ahadi.

Kwanza na tulitazame neno lililotuletea habari hii. Waingereza hawakulizaa neno hilo wenyewe. Walilipokea kutoka kwa Kifaransa kilichotumiwa Uingereza baada ya nchi ile kutekwa na Wanormani katika mwaka 1066. Shina lake ni deinz, maana yake ndani, nalo latokana na maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya kutoka ndani. Kwa hiyo, kwa asili yake, denizen ni mtu wa ndani. Kinyume chake kilikuwa neno ambalo kila mwanafunzi wa Kiingereza analijua, yaani foreign, ambalo asili yake katika Kilatini ni nje, nje ya mlango. Katika miji ya zamani ya Uingereza watu waligawanywa hivyo: walioishi ndani ya mji na kushiriki haki zake, na wale wa nje waliokuja kuuza na kununua kisha wakaenda zao. Hapo mwanzo, basi, neno halikuuliza mtu alizaliwa na nani. Liliuliza yuko upande gani wa mlango.

Lakini sheria haikuliacha neno hilo katika unyofu wake. Baadaye, katika sheria ya Uingereza, lilipata maana nyembamba zaidi. Lilikuwa jina la mtu wa taifa jingine ambaye mfalme amempa hati ya kumwingiza katika hesabu ya raia wake. Mtu huyo alikuwa amesimama katikati: si mgeni tena, wala si mzaliwa kamili. Aliweza kununua ardhi, jambo ambalo mgeni alikatazwa. Lakini hakuweza kuirithi. Watoto aliowapata kabla ya hati hawakuweza kumrithi. Waliozaliwa baada yake waliweza. Na kwa sheria ya mwaka 1701 hakuruhusiwa kuketi katika Bunge wala katika baraza la siri la mfalme. Hata mwaka 1873 Malkia Victoria alimpa hati ya namna hiyo mchoraji Lawrence Alma-Tadema, mzaliwa wa Uholanzi. Fikiri, msomaji, juu ya hali ya mtu kama huyo. Amefunguliwa mlango, ameonyeshwa mahali pa kulala, ameonyeshwa na kazi ya kufanya. Lakini wazee wanapoketi kushauriana, yeye hubaki uani.

Sasa tuyatazame maneno yetu wenyewe, maana si vizuri kuchungulia nyumba ya jirani na kuisahau yetu. Kiswahili kina mkaaji, au mkazi, kutokana na kitenzi kukaa. Kitenzi hiki kina maana mbili: kuketi na kuishi. Ajabu ni kwamba hata neno ambalo Waingereza hulitumia leo kwa mkaaji, resident, limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuketi na kubaki. Watu wawili wa mbali, wasiojuana, waliona jambo moja: kuishi mahali ni kuacha kusimama kama mpita njia, ni kuketi.

Pamoja na mkaaji, Kiswahili kina mwenyeji, yaani mwenye mji. Huyu hakuketi tu. Mji ni wake. Kati ya maneno haya mawili ipo nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo alimokuwa amesimama yule kijana wa darasani.

Lugha za majirani zetu nazo zaijua nafasi hiyo. Katika Kibukusu na lugha nyingine za Waluhya, kumenya ni kuishi mahali. Na omumenya ni mtu aishiye katika ardhi ya ukoo usio wake, kwa ruhusa ya wenye ardhi. Wajaluo wana jadak, kutokana na kitenzi dak, nacho pia ni kukaa. Wakikuyu walimwita mtu wa namna hiyo muhoi, yaani mwombaji, kwa sababu ardhi aliyoilima aliiomba. Twaona basi kwamba hati ya mfalme wa Uingereza haikuwa jambo geni kwetu. Sisi hatukuandika hati kwa wino. Tuliziandika kwa pombe ya mapatano, kwa mashahidi, na kwa kumbukumbu za wazee.

Hapa naomba ruhusa kuleta habari za nyumbani kwetu, kwa kuwa swali la kijana yule lilikuwa limekwisha kuulizwa katika ukoo wangu kabla sijazaliwa.

Baba yake babu aliondoka upande huu wa Bungoma katika miaka ya 1920 kwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mto Nzoia, katika wilaya ambayo jina lake, Trans Nzoia, lasema hivyo hivyo: ng'ambo ya Nzoia. Ardhi ile ilikuwa imegawiwa walowezi wa Kizungu, na reli ilifika Kitale mwaka 1926 kuja kuchukua mahindi yao. Alipewa kipande cha kulima na ruhusa ya kufuga ng'ombe wachache, na kwa malipo ya ruhusa hiyo alitakiwa kumfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya mwaka 1918 ilikuwa imeweka kiasi cha kazi hiyo: siku 180 kila mwaka. Sheria ya mwaka 1937 iliyapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuziongeza siku hizo na kuipunguza mifugo. Watu wenyewe walijulikana kwa jina la maskwota. Lakini sheria iliwapa jina jingine la heshima kidogo. Iliwaita wafanya kazi wakaaji. Mkaaji huyu hakuhesabiwa kuwa mpangaji, sembuse mwenyeji. Alikuwa mtumishi aliyeruhusiwa kulala karibu na kazi yake, na kazi ilipokwisha, ukaaji nao ulikwisha.

Babu alizaliwa katika shamba hilo katika miaka ya 1930. Aliyajua mawe yake na visima vyake. Aliwazika wadogo zake wawili kando ya kijito cha mahali pale. Baada ya uhuru, shamba liliuzwa, na wale waliokuwa na fedha za kutanguliza walipata viwanja. Babu hakuwa nazo. Alifunga virago akarudi Bungoma, mahali ambapo watu wote walimwambia kuwa ni kwao, ingawa hakuwa amelala hata usiku mmoja huko. Fungu la baba yake lilikuwa limekwisha kugawanywa. Mwishowe wajomba zake walimpa kishamba karibu na hapa Kanduyi, katika ardhi ya ukoo wao. Hapo aliitwa omumenya. Ng'ambo ya Nzoia alizaliwa, lakini alikuwa mkaaji tu. Huku alikoambiwa ni kwao, alikuwa mkaaji tu vile vile.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia mithali hii kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi naiona kuwa na hekima kubwa zaidi ya hiyo. Jembe halitolewi kwa adui, wala kwa mpita njia. Anayepewa jembe ametolewa katika hesabu ya wanaokula na kuingizwa katika hesabu ya wanaolisha. Jembe, basi, ni hati. Lakini maisha ya babu yaonyesha kwamba jembe peke yake halitoshi. Yeye na baba yake walishika jembe siku 180 za mwaka, na zaidi ya hizo, wakalima ekari zisizo na hesabu, lakini hawakuwa wenyeji wa shamba lile hata kidogo. Kama kazi ingetosha kumfanya mtu kuwa mwenyeji, hapangekuwa na wenyeji wakubwa duniani kuliko watumwa.

Ni kitu gani basi kilichopungua? Babu mwenyewe ndiye aliyenipa jibu, nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Alisimulia kwamba aliishi miaka mingi hapa Kanduyi akilipa michango yote. Shule ilipojengwa alibeba mawe. Mvua ilipolichukua daraja la miti, alitoa miti yake miwili ya mikalitusi. Watu walimshukuru, wakaendelea kumwita omumenya. Kisha siku moja majirani wawili waligombania mpaka. Wazee wakakutana chini ya mti, na mmoja wao akauliza, "Yuko wapi yule wa kando ya mto? Mwiteni naye aseme aliyoyaona." Aliitwa, akapewa kigoda, akasema, na maneno yake yakapimwa sawa na ya wengine. Babu alimaliza hadithi yake kwa kusema, "Siku niliyoulizwa, ndiyo siku niliyofika."

Kwa hiyo nadhani uenyeji una miguu mitatu, kama kigoda kile. Mguu wa kwanza ni kukaa: kuyafanya mahali fulani kuwa makao yako kwa nia ya kweli. Wa pili ni kubeba: kuchukua sehemu yako ya mzigo wa mahali hapo, kama vile michango, misiba, njia, na shule. Wa tatu ni kusikilizwa: kuwa na neno katika mashauri, na neno hilo kupimwa kwa ukweli wake, si kwa asili ya msemaji. Mfanya kazi mkaaji wa Trans Nzoia alikuwa na miguu miwili ya kwanza, akanyimwa wa tatu. Yule mtu wa hati ya mfalme alipewa mlango, akanyimwa baraza. Kigoda cha miguu miwili hakikaliki.

Msomaji mwenye fikira atanipinga hapa, na ni haki yake. Atasema, "Kama kukaa na kufanya kazi na kuwa na sauti ndio uenyeji, basi mlowezi alikuwa mwenyeji kuliko wote. Alikaa, alilima, na sauti yake ilisikika mpaka London." Pingamizi hili ni zito. Nami najibu hivi: mlowezi hakuketi katika kigoda alichopewa, aliketi katika kigoda alichomwondoa mwingine. Wasabaoti na wafugaji wengine walichunga katika nyanda zile kabla ya mipaka ya mashamba kuchorwa. Sauti yake ilisikika kwa kuwa sauti za wengine zilinyamazishwa. Uenyeji ni mapatano, na mapatano ya upande mmoja si mapatano. Lakini ni haki kuongeza kwamba mlango haukufungwa hata kwake. Tarehe 12 Agosti 1963, huko Nakuru, Jomo Kenyatta aliwakutanisha walowezi akawataka wabaki walime na watu wote wasameheane. Na baada ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, watu wa asili nyingine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha kuwa raia. Waliofanya hivyo waliingia kwa mlango, wakatoka katika hali ya mabwana wakaingia katika hali ya majirani.

Atakuja mpinzani wa pili, naye atasema kwa sauti ya chini zaidi, "Ardhi ni ndogo, na watoto ni wengi. Tukimwita kila mkaaji mwenyeji, wa kwetu watalima wapi?" Huyu asidharauliwe. Hofu yake ni ya kweli, na mtu aliyekwisha kunyang'anywa ana sababu ya kulinda alichobakiwa nacho. Lakini na tuangalie hofu hii ilivyotumiwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 1991 mpaka mwaka 1993, katika Trans Nzoia, katika miteremko ya Mlima Elgon na katika sehemu nyingine za Bonde la Ufa, watu walifukuzwa na nyumba zao kuchomwa moto, kwa hoja kwamba wao ni wageni. Mwanzoni mwa mwaka 2008 mambo hayo yakarudi. Waliokimbia walijaa katika viwanja vya makanisa na masoko. Wengi wao walikuwa wamenunua ardhi kwa fedha zao, au wamezaliwa juu yake. Je, ardhi iliongezeka? Haikuongezeka hata hatua moja. Kilichoongezeka ni makaburi na mayatima. Neno mgeni, ambalo wazee wetu walilifungamanisha na kuku wa kuchinjwa na maji ya kunawa, liligeuzwa kuwa kibiriti.

Tena, kama kuja kwanza ndiko kunakompa mtu mahali, nani atakayebaki? Masimulizi ya Wabukusu wenyewe ni masimulizi ya safari. Wazee huhesabu vituo vya njiani, na walipofika huku walijenga ngome zenye kuta za udongo na mahandaki, kama zile za Lumboka na Chetambe zilizopigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Ndani ya ngome za namna hiyo zililala koo mbalimbali pamoja. Usiku wa hatari, mlinzi hakuuliza ni nani aliyefika kwanza. Aliuliza ni nani aliye ndani. Hapo maana ya kale ya lile neno la Kiingereza na maisha ya babu zetu hukutana bila kupangana.

Hata mimea yatufundisha. Katika karne ya 19 mtaalamu wa mimea wa Kiingereza, Hewett Watson, alilitumia neno denizen kwa mmea uliotoka nje ukazoea nchi, ukaota wenyewe kana kwamba ni wa asili. Kwa kipimo cha namna hiyo, tazameni mahindi. Yalitoka Amerika, yakavuka bahari. Leo mwambie mtu wa Kitale au wa Bungoma kwamba ugali wa mahindi ni chakula cha kigeni, uone atakavyokutazama.

Sheria ya nchi yetu, nayo, imekwisha kutoa neno lake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 39, humpa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi mahali popote katika Kenya. Na watu walioachwa nje ya hesabu kwa muda mrefu wameanza kuingizwa. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji na wengi wao wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani, waliishi miaka mingi bila vitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 walianza kupewa vitambulisho. Walikuwa wamekaa. Walikuwa wamebeba. Walichokuwa wakitafuta ni ule mguu wa tatu.

Hata hivyo katiba haiwezi kuingia uwanjani wakati wa mapumziko. Haiwezi kumziba mdomo mtoto amwambiaye mwenzake, "Rudi kwenu." Kazi hiyo ni yetu. Sheria humpa mtu hati. Jirani humpa kigoda.

Wala sisemi kwamba mkaaji hana deni. Ajaye mahali akanunua kiwanja, akajenga ukuta, asihudhurie msiba wala kujua jina la mtu wa mlango wa pili, huyo amejifanya mgeni mwenyewe, hata kama babu yake alizikwa hapo. Na mzaliwa wa mahali asiyebeba mzigo wowote, ila kujivuna kuwa alitangulia, huyo naye ana mguu mmoja tu wa kigoda. Kutangulia kufika ni bahati. Hakuna mtu aliyechagua mahali pa kuzaliwa. Kuwa jirani mwema ni tendo, na tendo ndilo lihesabiwalo.

Babu alifariki nikiwa kidato cha pili. Wazee wa ukoo wa wajomba zake walikuja alfajiri, wakatazama ardhi, wakaonyesha mahali pa kuchimba. Hakuna aliyeuliza mwili upelekwe wapi.

Sasa namjibu yule kijana wangu. Hakuna idadi ya miaka. Watu wengine hukaa miaka 40 wasiwe wenyeji, kwa kuwa hawakutaka au kwa kuwa walikataliwa. Wengine huwa wenyeji kwa msimu mmoja. Wewe umekaa, kwani umezaliwa hapa. Umebeba, kwani nimekuona ukichota maji ya jikoni la shule na kupanda miche pamoja na wenzako. Uliyobakiza si juu yako, bali ni juu yetu sisi: kukuuliza, na kukusikiliza unaposema. Swali lako darasani lilikuwa neno lako la kwanza barazani, nasi tumelisikia.

Na wewe msomaji, utakapotoka nje baada ya kukifunga kitabu hiki, mtazame aketiye kando ya uwanja peke yake. Huenda anangoja kuulizwa.